Shangazi, mume wangu hatalii, anakagua

Shangazi,

Sijui nikuamkie au niitikie, maana nina miaka 64 na huenda nimekuzidi. Basi pokea salamu zote mbili.

Mimi na mume wangu tumestaafu. Yeye alikuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka 36, mimi nilifundisha shule ya msingi. Tangu watoto wangali wadogo tuliahidiana kwamba ipo siku tutakwenda kuiona miji ya mbali tunayoisikia tu. Mwezi wa tano mwaka huu ahadi ikatimia: siku nne Roma, tatu Florence, tatu Venice.

Kabla ya kuondoka alinunua daftari. Akalipiga mistari kwa rula: safu ya mahali, safu ya saa ya kufika, safu ya saa ya kuondoka, na mwisho kiboksi cha kuweka alama ya vema. Nilicheka, nikajua ni furaha. Siku ya kwanza Roma, saa moja asubuhi tulikuwa barabarani tayari, na jua linapozama tulikuwa tumemaliza Colosseum, magofu ya Forum, kilima cha Palatine, Pantheon na chemchemi ya Trevi. Pale Trevi tulisimama dakika nne. Najua ni nne kwa sababu aliandika.

Na Roma ile, shangazi, njia zake za kale zimetandikwa vijiwe vyeusi visivyolingana, ukitembea ni kama unakanyaga meno. Mimi gegedu la goti la kulia limelika. Daktari aliniambia miaka mitatu iliyopita. Mzee anajua kwamba linauma "kidogo kidogo". Hajui kwamba kule nilikuwa najifungia bafuni nameza vidonge vya maumivu, viwili asubuhi na viwili mchana, juu ya dawa zangu za presha. Siku ya pili nikaona hapa sasa nipumzike, nikaketi kwenye zile ngazi maarufu za Piazza di Spagna. Askari akanipulizia filimbi. Kumbe tangu 2019 ni marufuku kuketi pale! Mume wangu akasema, "Umeona? Hata serikali yao inataka utembee." Alikuwa anatania, ila mimi machozi yalikuwa karibu.

Florence alikuwa ameshakata tiketi za kupanda kuba la kanisa kuu, lile alilojenga Brunelleschi. Ngazi 463 na hakuna lifti. Asubuhi hiyo nikamwambia tumbo linanisokota. Nilimdanganya. Akapanda peke yake, mimi nikabaki chini uwanjani. Aliposhuka uso ulikuwa unang'aa kama wa kijana wa miaka ishirini. Akanitazama nilivyoketi, na ule mng'ao ukazimika. Hakusema kitu. Alitoa daftari, akaandika pembeni ya kile kiboksi: "Nusu". Nusu, shangazi. Kwa kuwa mimi sikupanda.

Venice ndiko tulikopasukia. Mji ule hauna gari, una madaraja zaidi ya 400, na karibu kila daraja ni ngazi za kupanda kisha za kushuka. Siku ya pili nikasimama juu ya daraja moja nikamwambia sivuki tena. Nikatoa yote: kwamba mimi si karani wake, kwamba siku nane hizo hajaniuliza hata mara moja mimi nataka kuona nini. Akasema, "Basi baki." Akaenda zake.

Tulikuwa na laini moja tu ya simu inayofanya kazi, nayo ilikuwa mfukoni mwake. Nikajikokota hadi uwanja mmoja wenye mabenchi, Campo Santa Margherita, nikakaa saa tatu. Watoto walikuwa wanacheza mpira. Mama mmoja wa makamo yangu, mwenye mbwa, akaja kukaa kando yangu. Hana Kiswahili, sina Kiitaliano, tukaishia kuonyeshana magoti. Lake ni la kushoto. Tulicheka mpaka mbwa akaanza kubweka.

Sasa aibu yangu ndiyo hii: saa tatu hizo ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote za safari nzima. Sikumkumbuka mume wangu mpaka nilipomwona anakuja mbio, jasho linamtiririka, uso umemparama. Akanishika mkono akasema, "Nilidhani umeanguka majini." Tukarudi hotelini. Jambo hilo hatujaligusa tena hadi leo.

Wiki iliyopita nimemsikia akimwambia mwanetu kwenye simu, "Mama yenu hapendi kusafiri." Na daftari jipya limeshapigwa mistari: mwakani Paris, Prague, Vienna na Budapest, siku kumi na moja. Ameniambia nikitaka kubaki nibaki, hatakasirika.

Mimi napenda kusafiri, shangazi. Je, nikatae? Niende nikateseke? Au nimwambie ukweli kwamba nilifurahi bila yeye? Tuna miaka 40 ya ndoa na sentensi hiyo moja sijui inaanzia wapi.

Mwenye goti la kulia

SHANGAZI ANAJIBU

Mwenye goti, shikamoo. Umenizidi, kwa hiyo nakuamkia kwanza, kisha uniruhusu nikugombeze kidogo.

Naanza na vidonge, maana hivyo havitasubiri mpatane. Hukutaja jina la vidonge hivyo, lakini dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen na diclofenac, ambazo ndizo nyingi madukani, zinaweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya dawa unazomeza kuishusha, na kuyaumiza mafigo. Umri wetu huu hatari inaongezeka, na kutembea juani mchana kutwa bila maji ya kutosha kunazidisha. Chukua pakiti ulizobaki nazo uzipeleke kwa daktari wiki hii, umweleze ulimeza vingapi kwa siku. Mwombe pia akupe rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Goti lililolika gegedu husaidiwa sana na misuli ya paja yenye nguvu, na misuli hiyo haijengwi wiki moja kabla ya ndege. Una miezi. Ukipewa fimbo ya kutembelea, ishike mkono wa kushoto. Wengi wetu tunaishika upande ule ule unaouma, tunajitesa bure.

Haya, ugomvi wenu sasa.

Mume wako ni mkaguzi. Mkaguzi anakagua vitabu alivyoletewa mezani, na wewe ulimpelekea hesabu za kupikwa. Goti linauma "kidogo kidogo". Tumbo linasokota. Bafuni vidonge vinne kwa siku. Halafu juu ya daraja la Venice ukamtaka aeleze kwa nini hakuona upungufu! Dada yangu, angeuona wapi? Siku nane ulimwonyesha mke mzima anayetembea kwa unyonge, naye akahitimisha alichohitimisha: huyu hapendi kusafiri. Maneno hayo yamekuchoma, na nakubali yanachoma, lakini ushahidi uliompa wewe ulikuwa unaelekea huko huko.

Simtetei. Mtu anayekaa Trevi dakika nne na kuziandika ana lake jambo. Na "hata serikali yao inataka utembee" ni utani wa mtu ambaye hakugeuka kumtazama mwenzake usoni. Miaka 40 ya ndoa ilitosha kumfundisha kutazama.

Ila hiyo "nusu" nimeirudia mara kadhaa. Wewe umeisoma kama alama ya kufeli kwako. Mimi naona aliyeandika ni mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa juu ya Florence yote, akageuka amwonyeshe mtu, na mtu hayupo. Vema nzima hakuweza kujipa. Huenda nakosea, lakini mtu wa namna hiyo ndiye huyo huyo aliyekuja mbio kwenye benchi jasho linamtoka. Saa zako tatu za raha zilikuwa saa tatu za yeye kuchungulia kila mfereji. Mwambie basi kwamba unajua hilo, kabla ya yote.

Umeuliza sentensi ile inaanzia wapi. "Nilifurahi bila wewe" usiiseme, na si kwa kumhurumia. Si kweli. Ulichofurahia ni benchi, ni kutoangalia saa, ni watu wa mahali pale wakiendelea na maisha yao mbele yako. Hukufurahia kukosekana kwake. Hukumkumbuka tu, kama ambavyo hata goti hukulikumbuka mpaka lilipokuwa kichekesho. Sema hivi: "Siku ile Venice nilikaa kwenye benchi saa tatu na zilikuwa tamu. Hivyo ndivyo ninavyopenda kusafiri. Na goti langu ni bovu kuliko nilivyokwambia, nilikuficha, hata kuhusu tumbo Florence nilidanganya." Umesema yote matatu kwa pumzi moja. Usiseme akiwa na daftari mkononi, wala mbele ya watoto. Na mwambie ulimsikia kwenye simu. Ukilimeza na hilo, litakuja kutokea juu ya daraja lingine.

Daftari lenyewe usilipige vita. Mtu amekagua vitabu miaka 36, kisha siku moja akakabidhi funguo za ofisi akaambiwa ahsante. Usimnyang'anye na rula. Mwombe kurasa zako. Nusu ya daftari iwe yako, uandike mambo unayoyataka wewe, na katika safu ya saa ya kuondoka uandike "tukichoka". Atapata shida na hilo, na shida hiyo mwachie.

Kisha kaeni mezani mpige hesabu ya hiyo miji minne. Yeye ni mtu wa hesabu, atakuelewa. Siku kumi na moja: toa ya kufika, toa ya kurudi, toa tatu za kuhama mji. Zimebaki sita, siku moja na nusu kwa kila mji. Siku ya kuhama inaonekana fupi kwenye karatasi, lakini ni kufunga begi, kungoja gari, foleni, na kufika hotelini chumba hakijawa tayari. Paris hadi Prague angani ni chini ya saa mbili, na siku nzima imekwenda.

Mimi ningeikata Paris. Najua roho itamuuma, maana Paris kila mtu anataka kusema ameifika. Lakini Paris inataka safari yake peke yake, na kwa goti lako metro yake, yaani treni za chini ya ardhi, ni mtihani: vituo vingi ni ngazi tupu, laini ya 14 ndiyo ambayo vituo vyake vyote vina lifti. Mkienda siku nyingine, tumieni mabasi, na jumba la makumbusho la Louvre msilipange Jumanne kwa kuwa hufungwa. Miji mitatu inayobaki imepangana kwenye reli. Prague hadi Vienna ni kama saa nne za treni, Vienna hadi Budapest chini ya saa tatu, na treni huwashusha mjini, si uwanja wa ndege nje ya mji. Unakaa dirishani, goti limenyooka, nchi inapita. Kwa mtu wa benchi kama wewe hiyo pia ni matembezi.

Vienna nataka niseme zaidi, kwa sababu kuna kanisa pale lililojengwa kwa ajili ya ndoa yenu. Kanisa kuu la Mtakatifu Stefano lina minara miwili ya kupanda. Wa kusini ni ngazi 343 za kuzunguka, mpe mzee wako. Wa kaskazini una lifti, na huko juu imetundikwa kengele yao kubwa, Pummerin. Yeye apande wake, wewe upande wako, mkutane chini kila mmoja ana cha kumsimulia mwenzake. Hapo hakuna nusu. Na Prague mnara wa ukumbi wa zamani wa mji, ule wenye saa ya maajabu, una lifti, mnaweza kusimama juu pamoja. (Hata mnara wa San Marco kule Venice una lifti. Naona safu ya lifti haikupigwa mistari.)

Vienna hiyo hiyo ina mikahawa ya kahawa ambayo Austria imeiorodhesha mwaka 2011 kuwa urithi wake wa utamaduni. Unaagiza kikombe kimoja, unaletewa na glasi ya maji, unakaa saa mbili unasoma au unatazama watu, na mhudumu hakuletei bili mpaka uiombe. Nakuambia makusudi. Mkaguzi wako anaheshimu orodha rasmi. Mwonyeshe kwamba kukaa kumeorodheshwa. Kiboksi apige vema akipenda, ila baada ya saa mbili.

Kasri la Prague liko kilimani, na tramu namba 22 inakufikisha juu. Wengi hushuka kwa miguu kwa ngazi ndefu za kale wakidhani kushuka ni nafuu. Wewe unajua kwamba goti bovu linalia zaidi wakati wa kushuka. Rudi kwa tramu ile ile. Yeye akitaka ngazi, azishuke.

Budapest maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe. Bafu za Széchenyi zilifunguliwa 1913, zina mabwawa ya nje ambapo wazee wanacheza sataranji wakiwa ndani ya maji ya nyuzi joto 38 hivi. Goti litakushukuru, ila muulize daktari kwanza, maana maji ya moto na dawa za presha vikikutana unaweza kusimama ghafla ukaona kizunguzungu. Jioni pandeni tramu namba 2, inafuata ukingo wa mto Danube na kupita kando ya bunge. Ni tramu ya kawaida ya watu wanaorudi kazini, na dirisha lake linashinda mabasi mengi ya watalii.

Lile la kutembea kivyako si dhambi. Lakini Venice hamkutembea kila mtu kivyake, mlipoteana, na hayo ni mambo mawili. Kaeni na utaratibu: baadhi ya asubuhi, tuseme moja kati ya mbili, baada ya kifungua kinywa kila mtu anashika njia yake mpaka saa saba mchana, na mahali pa kukutana panatajwa kabla hamjaachana, mahali penye kiti na penye paa. Simu mbili, laini mbili, chaji imejaa. Kila mmoja ana kadi ya hoteli mfukoni. Na mkipoteana bila kupanga, aliye na goti bovu hasogei, mwenye miguu ndiye anayerudi pale mlipoachana mwisho. Alasiri na jioni ni zenu wote.

Uwanja wa ndege ombeni msaada wa kiti cha magurudumu. Ulaya sheria inautaka uwe bure, nanyi mnatakiwa kutoa taarifa angalau saa 48 kabla ya safari. Usione haya, zile kumbi ni ndefu kuliko mitaa mingi, na goti usilimalize kabla hujafika mjini. Dawa zote ziende kwenye begi la mkononi. Kwenye bima ya safari andika goti, andika presha. Ukificha na huko, siku ukihitaji matibabu wanaweza kukataa kulipa.

Niliacha moja. Njia ya kupandia lile kuba la Florence inapita ndani kabisa, chini ya picha kubwa za Hukumu ya Mwisho zilizochorwa kwenye dari lake, karibu mtu anazigusa, kisha inatokea nje mji wote uko chini yako. Umeniandikia barua ndefu, umenieleza uso wake ulivyong'aa na ulivyozimika. Hukuniambia aliona nini kule juu. Nadhani hujamuuliza. Muulize leo, usingoje Vienna, na akimaliza umweleze habari za yule mama mwenye mbwa na goti la kushoto.

Shangazi